Viatu vya Zénon Havikauki

Asubuhi ya kuanza hija, Spéciose alikuwa anagombana na kandambili zake. Kamba ya mguu wa kulia ilikuwa imechomoka tena, naye alikuwa ameketi ukingoni mwa ngazi ya kanisa la Ruziba, nusu amekaa nusu amesimama, akiishindilia kwa kipande cha waya. Lisette, jirani yake anayeuza naye ndagala, visamaki vya ziwani, meza moja, alimsimamia na bidoni ya maji mkononi, akamwita kwa jina la mtoto wake kama kawaida.

"Mama Joëlla, vaa viatu vya kufunga. Tuko nakwenda mbali."

"Vile vinanibana. Mi niache na hizi zangu."

"Bon. Zikikatika, mi sikubebi."

Mbele yao Anselme alikuwa anawapanga watu wawili wawili. Anselme alikuwa katekista, na ndiye kiongozi wa hija. Tena alikuwa shemeji yake Spéciose, kaka mkubwa wa mume wake Zénon. Alikuwa mtu wa kupanga. Kitu kisichopangika kilimuumiza kichwa, na ukweli ni kwamba tangu zamani Spéciose alikuwa mmoja wa vitu hivyo. Piki-up ya parokia ilikuwa tayari imebeba masufuria, mikeka na unga wa muhogo. Watu hawakuruhusiwa kupanda, labda mgonjwa, kwa sababu mafuta yalikuwa hayapatikani. Siku hizo Bujumbura nzima ilikuwa inatembea kwa miguu, wenye hija na wasio na hija. Kilichowatofautisha ni rozari tu.

Njia yenyewe ilikuwa inajulikana. Unatoka Ruziba, unafuata parokia moja baada ya nyingine kupitia mjini mpaka kaskazini, halafu unapanda kilima cha Bikira kwa ajili ya Misa kubwa ya katikati ya Agosti. Kila parokia mnayofika mnasali Misa, mnalala kwenye ukumbi wao, asubuhi mnaondoka. Sheria ilikuwa moja: hakuna kuruka Misa. Aliyeruka Misa, Anselme alikuwa anamwambia waziwazi kwamba yeye ametembea tu, hakuhiji.

Spéciose hakuwa na tatizo la kutembea. Tatizo lake lilikuwa kukaa. Tangu mwaka ule wa fujo, miguu yake ilikataa kutulia. Mume wake alikuwa fundi wa mashine za mitumbwi, na alasiri moja gari la kabini mbili lilisimama mlangoni, wakashuka watu wenye heshima zao, wakasema kuna mashine inawashinda. Zénon alichukua spana na kitambaa chake, akamwambia mkewe ugali usipoe, akapanda. Hakurudi. Kila ofisi aliyoiendea Spéciose ilimwambia apite wiki ijayo, mpaka akachoka kupita.

Kwao msiba una mwisho wake. Mtu anazikwa, muda unapita, ukoo unakutana, pombe inanywewa kwa mirija, maneno yanasemwa, mjane anaondolewa msiba. Wanaita kuganduka. Baada ya hapo mtu anaweza kucheka bila kuangalia nyuma. Lakini Zénon hakuzikwa, na Anselme, kama mkubwa wa ukoo, alikuwa amekata shauri zamani.

"Mahali kaburi haiko, kuganduka haiko," alisema. "Utamugandukia mutu uliyemuzika wapi?"

Basi Spéciose hakuwa mke, hakuwa mjane. Kwenye arusi za watu hakujua akae na kina nani, akawa anasimama. Nyumbani alikula amesimama. Kanisani alisimama mlangoni. Alikuwa anataka jambo moja tu, aambiwe Zénon amelala wapi, amzike, halafu na yeye akae chini. Ndiyo nia aliyokwenda nayo hija, na hakumficha mtu.

Misa ya kwanza ilikuwa Kanyosha. Waliingia na vumbi mpaka magotini, nyimbo zimeanza. Zénon alikuwa amekaa upande wa wanaume, benchi la tatu kutoka nyuma, na ovaroli yake ya buluu. Ovaroli ilikuwa imelowa hadi magotini na viatu vilikuwa vinavuja. Dimbwi lilikuwa limeanza kutengenezeka chini ya benchi, na mama mmoja wa usafi alikuja na tambara, akapangusa, akamwomba anyanyue miguu kidogo. Zénon akanyanyua.

"Baba Joëlla yule pale," Lisette alinong'ona.

"Namuona."

"Amekonda."

"Alikuwa hivyo hivyo," Spéciose alisema, akaondoka mlangoni.

Alipita kati ya wanaume, akajibana pembeni mwa mume wake. Alikuwa na furaha na alikuwa na hasira, na hakujua aanze na ipi. Magoti ya Zénon yalikuwa yanatikisika, juu chini, juu chini, kama ya mtu anayesubiri kuitwa.

"Baba Joëlla. Uko wapi?"

"Bwana utuhurumie," alijibu Zénon, kwa kuwa Misa ilikuwa imefika hapo.

Alimuuliza tena wakati wa Injili, akaambiwa utukufu kwako ee Bwana. Alimuuliza wakati wa Prefasio, akaambiwa ni vema na haki. Hapo akaelewa kwamba Zénon hawezi kusema kitu kisichomo ndani ya Misa. Hakuwa na kiburi, wala hakuwa amemsahau. Alikuwa anamtazama kwa macho yale yale ya kuomba chumvi. Mdomo tu ndio ulikuwa unapewa maneno na Misa, na Misa haikuwa na maneno hayo.

Wakati wa kupeana amani, Anselme alivuka njia ya katikati, akampa mdogo wake mkono. Alirudi mahali pake, akaunusa ule mkono, kisha akaufuta kwenye suruali. Padri aliposema nendeni na amani, Zénon alisema tumshukuru Mungu, akasimama, akatoka na wengine. Spéciose alikuwa amemshika mkono wa ovaroli. Walipovuka kizingiti alibaki ameshika hewa, na kiganja chake kimelowa.

Nje, mambo yaliyozungumzwa yalikuwa mawili. La kwanza ni la Anselme, kwamba Zénon hakujiandikisha kwenye hija.

"Sufuria nilipima kwa watu waliojiandikisha," alisema. "Mi sitaki maneno."

"Hakula," Lisette alimjibu. "Sufuria zako ziko salama, katekista."

La pili lilikuwa la maji, na hapo watu wa Ruziba wote walikuwa na sauti moja. Mtu wa ziwani akionekana amelowa, ni ziwa. Nini kingine? Walimtupa Tanganyika, maskini. Hata Spéciose alikuwa anaamini hivyo kwa miaka yote hiyo. Kila wavuvi walipovuta nyavu alikuwa anasogea kuangalia, mpaka wakamzoea, wakawa wanamwambia kabla hajauliza: leo ni ndagala tu, mama. Lakini kile kiganja chake kilicholowa kilikuwa kinanuka sabuni ya unga. Alikinusa njia nzima kutoka Kanyosha, na machozi yakamtoka, kwa sababu Zénon alikuwa ananawa kwa Omo kila jioni ili kutoa grisi. Akawaza, jamani, hata huko ameendelea kunawa. Hakuwaza zaidi ya hapo. Watu wa ziwani wakishaona maji wameona ziwa, hawatafuti tena.

Tangu siku hiyo hakuna aliyeweza kutembea naye. Alikuwa anawatangulia, anarudi kuwahimiza, anawatangulia tena. Kandambili ilikatika kabla ya Musaga, akaifunga kwa uzi wa mkoba, akaendelea. Wenzake walikuwa wanakuja kuhiji polepole na rozari zao, wanasimama kunywa maji, wanapiga picha kwa simu. Yeye alikuwa anakwenda kukutana na mume wake, na mume wake alikuwa na muda wa Misa moja tu.

"Mama Joëlla, Bikira hakimbii!" Lisette alimpigia kelele.

"Bikira hakimbii. Misa inakimbia."

Musaga, Zénon alikuwepo. Rohero, kwenye kanisa kuu, alikuwepo, na huko Misa ilikuwa ya Kifaransa. Alipokuwa hai Zénon alijua Kifaransa cha mashine tu, bujii na piston na fermez. Sasa alikuwa anajibu et avec votre esprit kwa sauti safi, bila kukwama, na bwana mmoja wa tai aliyekaa mbele yake aligeuka, akamwangalia kwa heshima. Spéciose aliona wivu kidogo. Alijaribu kumuuliza kwa Kifaransa cha kuokoteza, où, Baba Joëlla, où, lakini huko nako hakukuwa na jibu. Walipotoka walipita kando ya mahali palipokuwa soko kuu kabla halijaungua, na Spéciose alitembea analia waziwazi, akipangusa uso kwa ncha ya kitenge. Alikuwa anazichukia baraka za mwisho kuliko kitu chochote duniani.

Mambo yaligeuka kwenye Misa ya Kiswahili, mjini kati, karibu na Buyenzi. Padri wa pale alikuwa mzee mwenye subira, na kwenye maombi ya waumini alikuwa anaacha nafasi. Mwenye ombi lake asimame aseme, watu wote wataitikia. Basi mama mmoja alisimama akaombea mguu wake. Kijana wa karakana akaombea mtihani wa dada yake. Mwingine akaombea petroli, watu wakaitikia kwa nguvu sana.

Ndipo Zénon akanyoosha mkono.

Aliunyoosha kama mwanafunzi, kidole juu, na maji yakamtiririka ndani ya mkono wa ovaroli. Midomo yake ilikuwa inatafuta kitu. Spéciose aliona, akaelewa. Katika Misa nzima, hapo ndipo pekee mtu anaposema maneno yake mwenyewe. Kwa nini hakufikiria? Lakini mwongozaji wa maombi alikuwa anaangalia saa, akasema hayo na mengine mliyo nayo mioyoni, tuombe. Mkono wa Zénon ulishuka. Magoti yakaanza tena, juu chini.

Mchana huo, wenzake wakiosha vyombo kwenye uwanja wa parokia, alimwendea Anselme. Alimkuta anafunga mikeka kwa kamba, anaipanga kwa urefu.

"Shemeji, nakuomba kitu. Kule kilimani, Zénon apewe mikrofoni kwenye maombi."

Anselme hakuinua kichwa.

"Apana. Kule juu maombi yamepangwa. Kila parokia ombi moja. Sisi Ruziba tumepewa wagonjwa."

"Dakika moja tu, shemeji."

"Mama Joëlla, kule mbele kunakaa watu wakubwa. Si mahali pa mutu kusema kila kitu anachokijua."

"Kwani we unajua atasema nini?"

Anselme alikaza fundo, akalifungua, akalikaza tena. Alikuwa mtu mzima mwenye mvi, na ndiye aliyemfundisha mdogo wake kushika spana. Mtu angemtazama vizuri angeona kwamba anaogopa na kwamba anaona aibu, lakini Spéciose hakuwa na muda wa kumtazama.

"Mi najua mikono yake inanuka Omo," alisema Anselme mwishoni. "Ziwa haina Omo. Wacha hiyo maneno."

Spéciose alilisikia hilo neno likapita. Alikuwa anatafuta njia, hakuwa anatafuta maana.

"Basi nipe mimi nisomee wagonjwa," alisema.

Hilo lilikuwa dogo na linapangika. Anselme alifurahi, akampa.

Njia ya kwenda Kinama ilikuwa na vumbi jeupe na jua kali. Upande mmoja kulikuwa na kiwanja kikubwa cha kuoshea magari, kimemwagwa sima, saruji ngumu, kuanzia barabarani mpaka ukutani, na kompresa inanguruma. Magari yalikuwa yamejipanga, mengine yamesukumwa kwa mikono kwa kuwa hayakuwa na mafuta, lakini yalikuwa yanaoshwa. Maji ya sabuni yalikuwa yanavuka barabara. Kando ya bomba la pili kulikuwa na rundo la povu lisiloshuka. Mahujaji walikunja vitenge na suruali, wakaruka. Spéciose aliruka kwanza, akiwa mbele ya wote.

"Aa, munatulowanisha watu wa Mungu!" alifoka.

"Pardon mama," alijibu muoshaji mmoja, mzee mwenye kofia ya kufuma, akasogeza mpira wa maji. Spéciose hakugeuka. Alikuwa anawahi Misa ya Kinama.

Kilimani waliamkia siku ya sikukuu. Kanisa la pale ni dogo, kwa hiyo Misa ilikuwa nje, chini ya mahema, na ziwa lote linaonekana kule chini likiwa bluu. Spéciose aliliangalia kwa mazoea. Safu ya kwanza ilikuwa na viti vya kitambaa cheupe. Katikati alikaa bwana mmoja mnene mpole, ambaye watu walikuwa wanamwita Mheshimiwa hata kama hakuna aliyekumbuka cheo chenyewe. Ndiye aliyetoa mahema, viti, na tanki la maji ya kunywa. Kiwanja cha kuoshea magari cha njia ya Kinama kilikuwa chake. Alikuwa anasali vizuri, macho amefumba, na kila wimbo alikuwa anaujua mpaka ubeti wa mwisho.

Zénon alikuwa amesimama pembeni mwa kwaya. Chini ya viatu vyake nyasi kavu zilikuwa zimepata rangi ya kijani.

Maombi yalianza. Parokia moja iliwaombea maaskofu, nyingine mvua, nyingine vijana wasio na kazi. Kwaya ilikuwa inaimba kiitikio, ee Bwana, twakuomba utusikie, kwa sauti nne, na watu wote wanafuata. Halafu Ruziba wakaitwa. Spéciose alikwenda mbele na kandambili moja ya uzi na moja nzima, akapokea mikrofoni, akasema, "Kwa ajili ya wagonjwa." Akatulia. Kisha akatembea na mikrofoni mpaka penye kwaya, waya ukimfuata kwenye nyasi, akamkabidhi mume wake.

Anselme alifumba macho. Hakuna mwingine aliyefanya chochote.

Zénon aliishika mikrofoni kama anavyoshika spana, karibu na kichwa. Sauti yake ilikuwa na maji kidogo, lakini ilisikika mpaka kwenye mahema ya nyuma.

"Tuwaombee wale waliolala chini ya sima," alisema, "pale wanapoosha magari, njia ya Kinama, kando ya bomba la pili. Mimi ni Zénon wa Ruziba, fundi wa mashine. Tuko wengi. Maji yanatufikia kila siku, na sabuni. Hatukauki. Tunaomba tutolewe, tupelekwe nyumbani. Ee Bwana, twakuomba."

"Utusikie," waliitikia watu wote.

Waliitikia vizuri sana. Kwaya ilipanda sauti ya nne, na mpiga kinanda akaongeza urembo wake. Mheshimiwa naye aliitikia, macho amefumba. Zénon alirudisha mikrofoni kwa mkewe, yeye akairudisha mbele, na parokia iliyofuata ikawaombea wasafiri.

Spéciose alibaki amesimama pale mbele. Alijua. Baada ya miaka yote hiyo alijua, tena alikuwa ameliruka lile povu kwa miguu yake mwenyewe, akafoka. Alitaka kupiga kelele, lakini vikapu vya sadaka vilikuwa vimeanza kupita, na mtu akamwomba apishe.

Wakati wa kupeana amani, Mheshimiwa aligeuka kushoto, akageuka kulia, kisha akanyanyuka, akaenda hadi kwenye kwaya kwa unyenyekevu wake, akapeana mkono na kila aliyesimama pale, na Zénon naye. Baada ya Zénon alitoa leso, akajipangusa vidole kimoja kimoja. Mwishoni, kwenye matangazo, padri alimshukuru kwa mahema na viti, akaongeza kwamba Mheshimiwa amejitolea kuosha bure magari yote yaliyohudumia hija. Watu wakapiga makofi. Nendeni na amani. Tumshukuru Mungu, alisema Zénon, na nyasi zikabaki peke yake.

Spéciose hakungoja chakula. Alishuka kilima kwa miguu, Lisette nyuma yake anahema, mpaka kwenye kiwanja cha sima. Kompresa ilikuwa inanguruma kama siku ile walipopita. Yule mzee wa kofia ya kufuma, aliyejitambulisha kwa jina la Seifu, mtu wa Buyenzi, alizima mpira wa maji alipomwona.

"Karibu mama. Bomba la pili, siyo?"

"Umejuaje?"

"Wanakuja," alisema Seifu. "Wakristo, Waislamu. Mutu anaota, au mutu wake anamwambia msikitini, wengine kanisani. Wanasimama pale pale kidogo. Halafu gari ikija, wanapisha."

"Na munaendelea kuosha?"

"Mama, mi nilikuta sima tayari. Nilimwambia bosi kwamba hapa povu haishuki. Alisema tupunguze sabuni." Alimwangalia, akaona aibu, akatazama pembeni. "Mi huwa nawasomea Fatiha asubuhi kabla ya kufungua maji. Sijui kama huyu wako inamfaa."

"Inamfaa," alisema Spéciose. "Nipe kitu nipasue hapa."

"Kitu haiko. Hapa iko brashi, iko sabuni. Na mulangoni iko askari, anapenda tu kukaa, usimunyanyue."

Spéciose alipiga magoti kando ya bomba la pili, akaweka kiganja kwenye sima. Ilikuwa ya baridi na laini, imemwagwa na fundi mzuri. Alitaka kulia kilio cha mazishi, kile cha sauti, lakini mtu halii mazishi bila wa kumwambia pole, na Lisette alikuwa bado anatafuta pumzi. Honi ikalia nyuma yao. Ilikuwa piki-up ya parokia, na Anselme ameketi mbele karibu na dereva, imekuja kuoshwa bure.

Ilikuwa na vumbi la njia nzima, kutoka Ruziba mpaka kilimani. Nafasi iliyokuwa wazi ilikuwa ya bomba la pili. Dereva alingoja kwa adabu mpaka Spéciose akaondoka, akaliingiza gari, magurudumu yakakanyaga pale pale. Anselme alishuka, akasimama karibu na shemeji yake. Midomo yake ilikuwa inacheza.

"Hapa?"

"Hapa, shemeji. Sasa mahali tunapajua. Tugandukeni."

Anselme alivua kofia, akaishika. Machozi yalikuwa yanamshuka bila yeye kuyafuta. Halafu akasema, kwa sauti ya mtu anayepanga vitu:

"Mama Joëlla, kuzika hatuziki, si unaona. Sima ni ya mwenyewe. Na Zénon, watu wamemuona parokia zote. Ameitikia, ametoa mkono, ameshika mikrofoni mbele ya watu wote wa Mungu. Nikiitisha ukoo wataniuliza: huyu munamugandukia vipi?"

"Kwa hiyo yuko hai?"

"Sijasema yuko hai."

Spéciose alichukua brashi mkononi mwa Seifu, naye Seifu akaiachia. Hakuwahi kumwosha Zénon, hakuwahi kumfunga sanda. Alisogea chini ya piki-up, mpaka kitenge kikalowa, akasugua ile sima sehemu aliyoweza kuifikia, taratibu, kwa mikono miwili, na Seifu akamfungulia maji kidogo kidogo ili yasimrukie usoni. Muoshaji mwingine alimaliza vioo. Gari lilitakata, likaondoka, likaingia lingine.

Jumapili iliyofuata, kule Ruziba, Zénon alikuja Misa ya kwanza. Alikaa benchi la tatu kutoka nyuma, na mama wa usafi wa pale akaja na tambara lake. Spéciose alikaa pembeni yake, au tuseme aliegemea. Katikati ya Misa, Anselme aliongoza maombi ya waumini. Aliwaombea maaskofu, akawaombea wagonjwa, na Zénon akanyoosha mkono, kidole juu, maji yakishuka ndani ya mkono wa ovaroli. Anselme aliuona. Aliutazama mpaka watu wakaanza kukohoa.

"Hayo na mengine tuliyo nayo mioyoni," alisema. "Tuombe."

Zénon alishusha mkono. Magoti yake na ya Spéciose yalianza kutikisika pamoja, na benchi zima likawa linatikisika nayo, na waliokaa hapo wakasogea kidogo. Vikapu vya sadaka vikapita. Spéciose akatoa kitambaa kifuani, akainama, akaanza kumpangusa viatu. Alipangusa cha kushoto mpaka kikang'aa, akahamia cha kulia, na alipotazama tena cha kushoto kilikuwa kimelowa.